Likasi: Mara nyingi si piesi iliyoungua, ni waya, na kazi ya kuitafuta hitilafu inastahili malipo

Katika makomini ya Likasi, kuanzia Kikula hadi Panda, si ajabu kumkuta kijana ameinama juu ya meza ndogo, mbele yake ampli aliyoiunganisha mwenyewe, betri ya pikipiki ya zamani, bafle moja na waya nyingi za rangi moja. Anabonyeza swichi, hakuna sauti. Anabonyeza tena, hakuna sauti. Rafiki aliyesimama nyuma yake anatoa hukumu bila kugusa kitu: «Yaya, piesi imeungua.»

Kesho yake kijana huyo anaenda sokoni na franka alizozikusanya kidogo kidogo, ananunua piesi mpya, anaiweka mahali pa ile ya kwanza, na ampli inabaki kimya vilevile. Ananunua ya pili. Mwishowe anakitia kila kitu ndani ya karatoni na kukiweka chini ya kitanda. Baba anasema alijua tangu mwanzo kwamba ule ulikuwa mchezo wa kupoteza pesa.

Lakini ndani ya karatoni ile, mara nyingi, piesi zote ni nzima. Kilichokosea ni waya mmoja uliokatika ndani ya ngozi yake, au kiungo kimoja kilicholehemiwa vibaya, au pande mbili zilizobadilishwa. Vijana wa Likasi hawakosi akili wala ujasiri. Wanachokosa ni mbinu ya kutafuta hitilafu, na wanakosa pia watu wanaoikubali kazi hiyo ya kutafuta kuwa ni kazi. Mambo hayo mawili yanaweza kubadilika bila kungoja pesa za serikali.

Mji wa shaba wenye waya mbovu

Likasi si mji unaoweza kusema haujui umeme. Ulipoitwa Jadotville wakati wa ukoloni, Union Minière ilijenga huko viwanda vyake vikubwa. Bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka wa 1930, na sababu yake ilikuwa shaba. Shituru, kiwanda ambacho baadaye kiliingia mikononi mwa Gécamines, kinafanya kazi kwa elektrolisi: umeme unapitishwa ndani ya maji ya asidi yenye shaba, na shaba inajishika polepole kwenye bamba mpaka bamba linakuwa nene. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia mwaka wa 1971 hadi 1997.

Hata hivyo, waya wa bei ndogo unaouzwa kwa mita sokoni mara nyingi si shaba. Ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwa macho unang'aa mwekundu kama shaba halisi, na kijana aliyezaliwa mbele ya bomba la moshi la Shituru anaununua akidhani ni mali ya nyumbani.

Kuutambua si vigumu. Kata ncha ya waya, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona rangi nyeupe ndani, ni alumini. Pima uzito kwa mkono: shaba ina uzito wa gramu 8,96 kwa kila sentimita ya ujazo, alumini gramu 2,7 tu, kwa hiyo mzingo wa waya wa alumini unakuwa mwepesi ajabu. Ukunje mara kadhaa mahali pamoja: alumini inavunjika mapema. Jaribu kuulehemu: ngozi ya shaba ikishaungua kwa moto, risasi inakataa kushika na inateleza kama maji juu ya jani la muhogo.

Tofauti hiyo si ya rangi tu. Alumini inapitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya uwezo wa shaba. Chukua mfano wa nyumba ambayo betri ya volti 12 iko chumba kimoja, na ampli iko barazani, mita 10 mbali. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 20. Kama waya ni shaba halisi ya milimita za mraba 0,5, na ampli inavuta ampea 3, volti 2 hivi zinapotea njiani. Ampli inapata volti 10. Kama waya wa unene huohuo ni alumini iliyopakwa shaba, zinapotea volti 3 na zaidi, na ampli inabaki na chini ya volti 9. Inakoroma, inazima sauti inapopandishwa, na mwenyewe anaamini kwamba piesi imechoka. Angetumia shaba ya milimita za mraba 1,5, angepoteza volti 0,7 tu. Hakuna piesi ya sokoni inayoweza kuponya ugonjwa huo, kwa sababu haumo ndani ya ampli.

Mtego wa kipimo

Hapa ndipo wengi wanapotea, hata wale wenye multimetre mkononi. Kijana anachomoa ampli, anapima volti mwisho wa waya, anaona 12, anasema: «Umeme unafika.» Anarudisha ampli, haifanyi kazi, na anafikia uamuzi kwamba ampli ndiyo yenye kosa.

Kipimo chake kilikuwa sahihi. Kosa liko katika wakati alioupima. Multimetre inavuta umeme mdogo sana, karibu na sifuri. Maji ya bomba lililoziba yanaweza kufika mpaka mdomoni na kusimama hapo, na mtu akadhani bomba ni zima. Akifungua ndipo anaona matone. Waya uliobaki na uzi mmoja, au kiungo kilichoshika kwa nukta tu, unaonyesha volti 12 pasipo mzigo, na unaanguka mpaka volti 5 mara kitu kinapowashwa. Kwa hiyo volti zinapimwa wakati chombo kimewashwa na kinavuta. Na njia bora zaidi ni kuweka ncha mbili za multimetre kwenye pande mbili za kiungo kimoja kilekile: kiungo kizuri kinaonyesha karibu sifuri, kinachoonyesha volti 2 au 3 ndicho kinachokula umeme.

Kupima kama waya umekatika, kwa ile alama inayolia, ni kinyume chake: umeme wote uzimwe na betri itolewe kwanza. Anayepima namna hiyo huku betri imeungwa anapata majibu ya uongo, na anaweza kuua multimetre yenyewe.

Nusu kwa nusu

Fundi mzuri hatafuti hitilafu kwa kubahatisha. Anaanza kwa macho, umeme ukiwa umezimwa: waya uliochomoka, ncha iliyogusa jirani, kiungo chenye rangi ya majivu na umbo la mpira mdogo badala ya kutandaa vizuri. Anavuta kila waya taratibu kwa vidole. Kiungo kilicholehemiwa kabla chuma hakijapata moto wa kutosha kinaonekana kimeshika, lakini kikivutwa kinatikisika.

Halafu anapima mwanzo wa njia, kwenye betri, kisha katikati ya njia. Kama umeme upo katikati, nusu ya kwanza haina lawama. Tatizo liko mbele. Anagawa tena ile iliyobaki. Njia yenye viungo vinane inamalizika kwa vipimo vitatu. Anayebadilisha piesi moja moja anaweza kubadilisha zote nane na asipate kitu, kwa sababu hakuwahi kuuliza waya.

Kuna hitilafu chache zinazorudi kila siku, na kila kijana anayeanza angepaswa kuzijua kwa moyo. Ya kwanza ni kugeuza chanya na hasi: taa ndogo ya ledi inakataa tu kuwaka, lakini kondensa ya elektrolitiki iliyogeuzwa inaweza kuvimba na kupasuka usoni. Ya pili ni masi zisizoungana: mtu anatumia betri moja kwa kadi ya Arduino na betri nyingine kwa mota, lakini anasahau kuunganisha hasi za betri mbili, na amri inayotoka kwenye kadi inakosa njia ya kurudi. Ya tatu ni ule ubao wa majaribio wenye matundu: kwenye baadhi ya mbao ndefu, mstari wa umeme ulio pembeni umekatwa katikati, na nusu ya pili haipati kitu mpaka iungwe kwa kipande cha waya. Ya nne ni waya kusokotwa kwa vidole na kufungwa utepe mweusi wa shatertoni, bila risasi wala kibanio. Unafanya kazi wiki ya kwanza. Kisha joto, jasho na vumbi la msimu wa kiangazi vinaingia, shaba inapata kutu ya kijani, na kiungo kinaanza kupata moto.

Kanuni ya mwisho ni ya subira: badilisha kitu kimoja tu, jaribu, andika kwenye daftari kilichotokea. Anayebadilisha vitu vitatu mara moja, hata akifaulu, hajui kilichomponya, na kesho hitilafu ikirudi ataanza upya.

Mchezo unaoweza kuchoma nyumba

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watoto wanaochezea waya. Watazame kinachofanyika sasa. Umeme unapokatika usiku, taa zinazowaka katika nyumba nyingi ni zile zilizounganishwa na kijana wa familia: pano ndogo ya jua, betri, ampuli za ledi, na pengine seli za lithiamu zilizotolewa katika kompyuta mbovu. Seli moja kama hiyo ina volti 3,7 tu, na mtu anadhani haina hatari kwa sababu hairushi mkono. Lakini pande zake mbili zikigusana kwa waya, inatoa ampea nyingi kwa ghafla, waya unakuwa mwekundu, na seli yenyewe inaweza kushika moto usiozimika kwa urahisi.

Kinga yake ni fyuzi, na inawekwa karibu kabisa na upande wa chanya wa betri, si mwisho wa njia. Ukubwa wake unachaguliwa kufuatana na unene wa waya, ili fyuzi ikatike kabla waya haujaungua. Katika nyumba nyingi fyuzi iliyokatika inabadilishwa na uzi wa waya uliokunjwa, na wote wanashangilia kwamba umeme umerudi. Fyuzi ilikuwa imetoa habari: kuna mahali waya mbili zinagusana. Mtu akaichukua habari ile akaitupa, kisha akalala.

Na umeme wa SNEL wa volti 220 si wa kujifunzia. Kijana anayeanza na abaki kwenye volti 12 au chini yake, mpaka apate mkubwa wa kazi wa kumsimamia.

Historia ya karibu inaonyesha kwamba jambo hili si dogo. Nchini Malawi, William Kamkwamba, aliyetolewa shuleni kwa kukosa karo, alijenga kinu cha upepo mwaka wa 2002 akiwa na umri wa miaka 14, kwa dinamo ya baiskeli, feni ya trakta na kitabu cha maktaba ya kijiji. Dunia inakumbuka kile kinu. Wachache wanakumbuka kwamba waya alizozipitisha kwenye dari la nyumba yao ziligusana, na kwamba baada ya hofu hiyo alitengeneza kikata-umeme kwa misumari, sumaku na waya uliozungushwa. Kinu kilimpa taa. Hitilafu ndiyo iliyomfanya fundi. Hapa Kongo penyewe, roboti za kuongoza magari zilizowekwa Kinshasa mwaka wa 2013 zilitoka katika kundi la mhandisi Thérèse Izay. Roboti inayosimama juani na mvuani katikati ya barabara ina mamia ya viungo, na kila kimoja kinaweza kulegea. Anayeijenga lazima awe na mtu anayejua kukitafuta kilicholegea.

Anayetafuta halipwi

Lakini kumlaumu kijana peke yake si haki. Tatizo kubwa liko kwa mteja.

Mwanamke analeta redio kwa fundi. Fundi anakaa saa mbili, anafungua, anapima, anakuta waya mmoja umekatika chini ya swichi. Anaulehemu kwa dakika moja. Akiomba franka za kazi yake, anaambiwa: «Fundi, unaniibia. Umeweka nini? Ni waya tu!» Wiki ijayo, redio nyingine ikija na kosa lilelile, fundi huyo amejifunza. Anasema piesi imeungua, anaonyesha piesi yoyote ya zamani, anapokea bei ya piesi mpya. Mteja anaondoka ameridhika, kwa sababu amelipia kitu anachoweza kukishika mkononi.

Hivyo ndivyo mji unavyowafundisha mafundi wake kusema uongo. Watu hulipia piesi, akili hawailipii. Mkono mtupu haulambwi: fundi anayelala njaa kwa sababu ya ukweli wake hataendelea kuusema. Na kijana anayejifunza kando yake anarithi desturi hiyo pamoja na chuma cha kulehemia. Ndiyo maana neno la kwanza linalomtoka mdomoni ni «piesi imeungua», kabla hajagusa hata waya mmoja.

Dawa yake ni rahisi kuisema: bei mbili, zinazotajwa kabla kazi haijaanza. Ya kwanza ni ya kutafuta, inalipwa hata kama kilichopatikana ni waya wa sentimita tano. Ya pili ni ya kutengeneza na piesi, kama ipo. Mteja apewe piesi ya zamani mkononi na aonyeshwe kipimo. Daktari analipwa kwa kumpima mgonjwa hata asipompasua. Hakuna anayemwuliza ameweka nini.

Kinachoweza kufanywa Likasi

Wapo watakaopinga kwamba multimetre ni ghali kwa mtoto wa mfanyakazi ambaye mshahara wa baba yake unachelewa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haifungi mlango. Ampuli ndogo ya volti 12 yenye waya mbili ni chombo cha kupimia, na kwa jambo moja inaizidi multimetre: inavuta umeme, kwa hiyo haidanganywi na kiungo dhaifu. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima. Ikififia, njia inaumwa. Tena multimetre yenyewe ilizaliwa kutokana na shida. Donald Macadie, mfanyakazi wa posta ya Uingereza, alichoka kubeba vyombo vingi vya kupimia akikagua mitambo, akaviunganisha kuwa kimoja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Leo multimetre moja ya bei ndogo inaweza kutumiwa na vijana kumi wa avenue moja, wakichanga pamoja kama wanavyochangia mpira wa miguu.

Shule za kiufundi zina jukumu lao. Mwanafunzi wa umeme anaweza kuchora mchoro mzuri ubaoni na kupata alama nyingi, bila kuwahi kukutana na mchoro unaokataa kufanya kazi. Katika maisha, atalipwa kwa ule unaokataa. Mwalimu anaweza, bila gharama yoyote, kuchukua mbao tano zinazofanya kazi, akakata waya mmoja hapa, akalegeza kiungo pale, akageuza ledi kwingine, kisha akawaambia wanafunzi watafute na waandike kila kipimo kwa mpangilio. Na alama zitolewe kwa njia aliyofuata mwanafunzi, pamoja na jibu alilofikia, kwa sababu aliyepata kwa bahati leo atakosa kesho.

Wauzaji nao wanaweza kuanza na jambo dogo: kukwangua ncha ya waya mbele ya mnunuzi kabla ya kupima mita. Asiyekubali kukwangua amekwisha jibu. Na kwa kuwa nchi ina ofisi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia, OCC, alumini inayojiita shaba ni mahali pazuri pa kuonyesha faida ya ofisi hiyo. Alumini si haramu. Nyaya kubwa za juu ya nguzo nyingi duniani ni alumini. Kosa ni kuiuza kwa jina na bei ya kitu kingine, kwa mtu atakayeipitisha ndani ya dari la nyumba yake.

Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiungo kimoja kilicholegea hakigharimu hata tone moja la risasi kinapogunduliwa mapema. Kikiachwa, kinaondoka na ampli, au na betri, au na nyumba. Na wakati mwingine kinaondoka na kijana mwenyewe, anayeamua kwamba hana kipaji na kuacha, kumbe alikuwa umbali wa waya mmoja.

Basi ile karatoni iliyo chini ya kitanda itolewe. Betri itolewe kwanza, waya zivutwe moja moja kwa vidole, vipimo viandikwe kwenye daftari. Na baba aliyesema ni mchezo wa kupoteza pesa akae karibu na kushika taa. Piesi mpya inaweza kungoja.